Mlango wa Garaji Umekataa Kuinuka? Cheki Springi Kabla Ulaumu Mota

Usiku umesikia mlio kama tairi imepasuka, asubuhi unabonyeza rimoti, mlango unainuka kidogo tu alafu unakwama. Hiyo si mota, buda. Ni springi imekatika. Springi ndiyo hubeba uzito wa mlango, mota inasaidia tu.

Ziko aina mbili. Kuna ile imevalishwa kwa chuma hapo juu ya mlango, inajisokota. Na kuna zile ndefu za pembeni, zinavutika mlango ukishuka. Hizi za pembeni lazima zipitishiwe waya ya usalama katikati, juu ikikatika bila hiyo waya inaruka kama jiwe la kombeo. Kioo ya ndai ikipona, shukuru.

Springi ya kawaida imeundiwa kufungua na kufunga kama mara 10,000. Mara 4 kwa siku, hiyo ni miaka 7 hivi. Kutu huipunguza, so ipake oili.

Kupima kama inachoka: mlango ukiwa chini, tenganisha mota, inua kwa mkono hadi katikati, achilia polepole. Ukishuka wenyewe, ita fundi.

Na fundi mwenyewe mcheki. Ile ya juu imejaa nguvu hata ikiwa imetulia, na hulegezwa kwa vyuma maalum vya kuizungusha. Akitoa bisibisi, mrudishe kwao. Zikiwa mbili, badilisha zote, juu umri wao ni mmoja.

Kama imekatika mlango ukiwa juu, usivute ile kamba ya mota. Mlango utakuja wote, na haraka.