Muhogo na Hewa ya Ukaa: Jani Likishiba, Mzizi Unapata Nini?



Wakati wa likizo, baada ya ibada ya Jumapili katika kigango kimoja wilayani Biharamulo, mzee mmoja aliniuliza: "Frateri, hizi pingili mpya za muhogo ndizo GMO? Na wanaposema hewa inabadilika, muhogo wetu utaishije?" Siku ile nilimjibu kwa kifupi. Hapa najaribu kumjibu vizuri zaidi, maana swali lake ni la wengi, Ngara na Biharamulo.

Mbegu bora si GMO

Mbegu kama Mkombozi, inayofahamika Kanda ya Ziwa, ilipatikana kwa njia ya kawaida: muhogo ulichavushwa na muhogo, kisha watafiti wakachagua miche inayovumilia batobato. Mmea uliobadilishwa jeni ni kitu kingine. Huo huingiziwa jeni maabara, pengine kutoka kwa bakteria. Mahindi ya aina hiyo yalianza kujaribiwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, kisha Serikali ikasitisha majaribio. Kwa hiyo mzee aondoe hofu: pingili anazogawiwa si GMO.

Jani linavyokula hewa

Hewa ya ukaa huingia kwenye jani kupitia matundu madogo. Ndani, kimeng'enya kiitwacho Rubisko huikamata, na kwa nguvu ya jua mmea hutengeneza sukari. Lakini Rubisko ina udhaifu: mara nyingine hukamata oksijeni badala ya hewa ya ukaa. Ni kama mchumaji kahawa anayechanganya mbivu na mbichi, halafu jioni anapoteza muda kuzichambua.

Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Leo imepita 420. Ikiongezeka, Rubisko hukosea mara chache, na mimea kama muhogo, maharage na migomba hutengeneza sukari zaidi. Mahindi hayanufaiki kiasi hicho, kwa sababu tayari yana njia yake ya kuirundika hewa hiyo karibu na Rubisko.

Je, sukari hiyo hufika mzizini? Katika jaribio la shambani huko Illinois, Marekani, lililochapishwa mwaka 2012, muhogo uliopewa hewa ya ukaa ya sehemu 585 ulizaa mizizi yenye uzito mkavu zaidi ya maradufu. Lakini jaribio la Australia la mwaka 2009, mihogo ikiwa kwenye vyungu, lilionyesha kinyume: mizizi ilipungua, na katika majani, yaani kisamvu chetu, sumu ya sayanidi iliongezeka ikilinganishwa na protini. Tofauti moja ni wazi: mzizi uliobanwa na chungu hauna nafasi ya kutanuka kama wa shambani. Ghala likijaa, mavuno hukosa pa kwenda.

Jeni inaweza kufanya nini?

Watafiti wamejaribu kusaidia pande zote mbili. Kwa upande wa ghala, mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walieleza jinsi walivyoutia muhogo jeni ya bakteria inayoharakisha utengenezaji wa wanga. Ndani ya nyumba ya vioo, uzito wa mizizi ulifika hadi mara 2.6. Kwa upande wa jani, mwaka 2019 watafiti wa Illinois walitangaza kwamba tumbaku iliyopewa njia ya mkato ya kurekebisha kosa la Rubisko ilikua kwa takriban asilimia 40 zaidi shambani.

Habari hizo zinatia moyo, ila pamba inatufundisha tahadhari. Mwaka 2000 watafiti wa California walionyesha kuwa pamba iliyowekewa jeni ya kujitengenezea sumu ya kuua viwavi ilitengeneza sumu kidogo hewa ya ukaa ilipozidi. Sumu hiyo ni protini, na protini huhitaji naitrojeni. Jani lilijaa kaboni, naitrojeni ikapungua. Jeni ilikuwepo, kazi yake ikafifia.

Sehemu na kitu kizima

Katika falsafa tunajifunza kwa Aristotle kwamba kiungo hueleweka ndani ya mwili mzima. Mkono uliokatwa ni mkono kwa jina tu. Jeni nayo si mmea. Hufanya kazi ndani ya jani, mzizi, udongo na mvua, na shamba lenyewe limo mikononi mwa familia.

Ndiyo maana Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, hakutoa hukumu moja kwa GMO zote. Alitaka kila jambo lipimwe lenyewe, na tuangalie wakulima wadogo wanapata au wanapoteza nini. Kwetu swali hilo lina sura inayojulikana: jirani humpa jirani pingili bila kudai kitu. Mbegu yoyote itakayokuja kesho, tuulize kwanza kama desturi hiyo itabaki.

Basi, mzee wangu, hewa ya ukaa inaweza kulishibisha jani, lakini haiondoi batobato wala michirizi kahawia, wala hairutubishi udongo uliochoka. Chagua pingili safi, muulize afisa ugani, rudisha samadi shambani. Na ukivuna, usimsahau jirani.