Amplifaya Iliyo Kamili Ni Ipi?

Chombo kiitwacho amplifaya kimeingia misikitini, madrasa, kumbi za arusi na hata majumbani mwetu, lakini wachache ndio waijuao kazi yake hasa. Mtu aendapo dukani kukinunua, swali lake la kwanza huwa: “Kina wati ngapi?” Muuzaji naye, kwa kuwa amekwisha jua mapenzi ya mnunuzi, humtolea kile chenye kishindo kuliko vyote. Hivyo ndivyo michango ya watu, na wengine kati yao hawana hata akiba ya kesho, hutumika kununua kelele. Khatibu husikika hata mtaa wa tatu, na aliye safu ya nyuma hakuyafahamu maneno. Twaona yafaa kueleza ni kitu gani kiifanyacho amplifaya kuwa njema.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtetemo ule kuwa umeme mdogo mno, pengine sehemu chache tu za elfu moja ya volti, na umeme huo hauwezi kuitikisa spika. Amplifaya huuchukua na kutoa mwingine ulio mkubwa, wenye umbo lile lile. Kazi yake ni hiyo tu. Mafundi wameifananisha amplifaya kamili na kipande cha waya mnyoofu: kiingiacho ndicho kitokacho, ila kimekua. Haiongezi utamu, haipunguzi ukali, wala haina sauti yake yenyewe. Ni kama mwandishi anakiliye kitabu kwa herufi kubwa zaidi. Hatumsifu kwa maneno aliyoyazidisha.

Kwanza, yapasa ikuze mitetemo yote kwa kiasi kimoja. Sikio la kijana mzima husikia toka mitetemo 20 kwa sekunde hata 20,000 hivi. Simu za zamani zilipitisha baina ya 300 na 3,400 tu, na ndiyo sababu mtu akitaja jina simuni ilikuwa vigumu kupambanua “s” na “f”. Sisi tusomeshao Kurani jambo hili latugusa sana. Herufi thaa na siin hutofautiana zaidi katika mitetemo ya juu. Chombo kikiifisha ile ya juu, mwalimu atatamka vizuri awezavyo na mwanafunzi wa nyuma ataisikia herufi moja tu. (Vijana wetu wapendao kuzidisha besi hata kuta zikatikisika watusamehe, lakini maana ya maneno haikai katika besi.)

Pili, isipotoshe, na hapa ndipo penye kisa kirefu. Mwaka 1915 Marekani ilifungua njia ya simu toka New York mpaka San Francisco, na njiani ziliwekwa amplifaya za valvu ili sauti isife. Kila amplifaya ilitia upotovu wake kidogo, na ile ya mbele ikaukuza upotovu wa iliyotangulia pamoja na sauti yenyewe, mithili ya nakala ya nakala ya nakala. Kwa maongezi machache waliweza kustahimili, lakini walipotaka kupitisha maongezi mengi kwa pamoja, mambo yaliharibika.

Fundi kijana wa Bell, Harold Black, alihangaika na tatizo hili kwa miaka. Tarehe 2 Agosti 1927, akiwa ndani ya kivuko akiuvuka mto Hudson kwenda kazini, lilimjia wazo, akaliandika juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo, The New York Times. Wazo lilikuwa hili: chukua sehemu ndogo ya kile kitokacho, uirudishe mwanzo ikiwa imepinduliwa, ipambane na kile kiingiacho. Kitakachokuwa kimezidi au kupunguka kwa kosa la chombo kitajisahihisha chenyewe. Gharama yake ni kwamba nguvu nyingi za kukuza hutupwa.

Tutoe mfano. Amplifaya yenye kukuza mara 10,000 ikifungwa kwa njia hii hata ikuze mara 100 tu, upotovu wake nao hupungua kama mara 100. Hata valvu zikichakaa, nguvu ya ndani ikashuka nusu, ikawa 5,000, kitokacho kitapungua toka mara 100 hata mara 99. Watu wa zamani zile hawakuelewa: vipi mtu ajenge nguvu kisha aitupe? Black alipewa hati ya ubunifu wake Desemba 1937, miaka zaidi ya tisa tangu kuiomba. Mwaka 1947 Mwingereza D. T. N. Williamson alichapisha mchoro wa amplifaya ya nyumbani ya wati 15, upotovu wake chini ya sehemu moja katika elfu, kwa kufuata njia hiyo hiyo. Valvu zikapisha transista, na wazo lingali likitumika.

Ajabu ni kwamba ule mlio wa firimbi utoboao masikio maikrofoni ikaribiapo spika ni ndugu wa wazo hili. Pale pia kitokacho hurudi mwanzo, lakini hurudi kikisaidia badala ya kupinga, kikajilimbikiza mpaka kikapiga yowe. Dawa yake ni kuisogeza maikrofoni karibu na kinywa na mbali na spika, na kupunguza sauti.

Ama wati, kwa hakika zina kazi. Chombo kikilazimishwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa, sauti hukwaruza, na spika ndogo za sauti za juu huweza kuungua. Basi wati ni akiba. Lakini kutoka wati 50 hata 100 huongeza desibeli 3 tu, na sikio huitambua tofauti hiyo kwa shida. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili, zatakiwa wati kama mara kumi. Mahali pa wazi, kumkaribisha msikilizaji na spika kwa nusu ya umbali ni sawa na kuzidisha wati mara nne, na senti haikutoka.

Mafundi hupima ukamilifu kwa njia moja iliyotupendeza. Hukichukua kitokacho, wakakipunguza mpaka kilingane na kiingiacho, kisha wakatoa kimoja katika kingine na kusikiliza kinachobaki. Katika chombo dhaifu husikika mikwaruzo na mabaki ya maneno. Katika chombo chema hubaki karibu kimya kitupu.