Kazi "Inashughulikiwa", Lakini Iko Wapi?

Bila shaka umewahi kumwuliza mwenzako ofisini kazi fulani imefikia wapi, naye akakujibu kwa utulivu kwamba inashughulikiwa. Jibu hilo halina uongo ndani yake, wala halina habari. Ubao wa kadi tunaouzungumzia leo huliondolea neno hilo maficho. Ili tuuelewe, twende kwanza machimboni.

Huko Nyarugusu, Mkoa wa Geita (siyo ile kambi ya wakimbizi ya Kigoma yenye jina hilohilo), mawe yakitoka duarani hupelekwa karashani kusagwa, unga wake ukaoshwa mwaloni, dhahabu ikanaswa kwa zebaki na kuchomwa, ndipo ifike sokoni. Wachimbaji wadogo aghalabu hawana mshahara wa mwezi, hugawana kilichopatikana. Kwa hiyo kiroba cha mawe, hata yawe mawe mazuri namna gani, hakimnunulii mtoto sare ya shule mpaka kimalize safari hiyo.

Tuseme sasa karasha limeharibika. Waliomo duarani wanaendelea kuchimba kwa bidii, na kila jioni viroba vinaongezeka. Apitaye njiani atawasifu. Kumbe wanarefusha foleni tu, huku dizeli ya pampu ikichukuliwa kwa mkopo na nyumbani wakiambiwa wangoje. Yafaa baadhi yao waweke sururu chini, wakamtafute fundi wa karasha.

Ubao ungewaonyesha hayo mapema. Chora safu: duarani, karashani, mwaloni, sokoni. Kila fungu la viroba lipewe kadi moja, nayo isogezwe kadiri fungu linavyosogea. Kisha juu ya safu ya karasha andika kikomo, tuseme kadi tatu. Zikitimia tatu, ya nne haiingii. Wenye nafasi wakasaidie palipokwama.

Wajapani huuita mtindo huu kanban, yaani ubao wa alama. Taiichi Ohno wa kampuni ya Toyota aliutumia katika karakana ya mashine mwaka 1953, akiwa amevutiwa na maduka ya kujihudumia ya Marekani, ambako rafu hujazwa kile tu ambacho wanunuzi wamekwisha kuchukua. Kiwandani, pasipo kadi kipuri hakitengenezwi. Mwaka 2004 David Anderson, akiwa Microsoft, alianza kuupeleka mtindo huu kwa waandishi wa programu za kompyuta. Mwaka 2011 ikatoka programu ya Trello, ambamo kadi husogezwa kwa kidole hata katika simu, ikiwa imebeba jina la mwenye kazi, tarehe ya mwisho na maoni ya wenzake.

Hapa ndipo ofisi nyingi hukosea. Huweka programu, wakafurahia rangi zake, kisha safu ya "zinazofanyika" ikajaa kadi 30 kwa watu wanne. Hivyo ni viroba vilevile vinavyongoja karasha! Ubao usio na kikomo ni orodha tu iliyopambwa. Na kikomo chenyewe kina ugumu wake, kwa maana wa kwanza kukivunja huwa ni mkubwa wa kazi, mwenye jambo la haraka kila asubuhi. Hapana budi awepo wa kumwambia kwa heshima: "Mzee, safu imejaa. Tuondoe ipi ili hii yako iingie?"

Nyumbani huhitaji kompyuta. Vipande vya karatasi na mlango wa jiko vyatosha, na kikomo kiwe kazi mbili kwa kila mtu, baba akiwamo. Kwangu tulianza mwezi uliopita. Kadi ya bomba linalovuja ina jina langu, na watoto wamekwisha kuhesabu siku ambazo haijasogea.