Wachimbaji Wadogo wa Mfupa

Katika machimbo ya dhahabu ya Geita, mchimbaji mdogo ashukapo katika duara hutazama kwanza matimba, yale magogo yaliyopangwa ili kuta zisiporomoke. Mwamba ukiisha kupasuliwa hupandishwa juu, husagwa kwa karasha, kisha huoshwa mwaloni. Mfupa wa binadamu nao huchimbwa kila siku, lakini mchimbaji wake hasagi kitu. Yeye huuyeyusha mwamba pale pale ulipo.

Mchimbaji huyo ni seli iitwayo osteoklasti. Hutokana na kuungana kwa seli kadhaa za damu, zenye ukoo mmoja na seli nyeupe zimezazo vijidudu. Ndiyo sababu huwa kubwa na yenye viini vingi. Kazi yake ni kuondoa mfupa uliochakaa ili seli nyingine, osteoblasti, zijenge mpya mahali pake. Katika mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Mfupa mkavu uliomo katika kabati la maabara ya shule huyadanganya macho.

Mfupa ni fuwele za kalsiamu na fosfeti zilizojengwa juu ya wavu wa kolajeni. Kuyeyusha fuwele hizo kwahitaji asidi, na asidi ikimwagwa ovyo katika majimaji ya mwili huzimuliwa mara moja. Yapasa basi izuiliwe mahali pamoja, nayo seli haina ukuta wala chungu.

Ilicho nacho ni vijiguu viitwavyo podosomu. Kila kimoja ni nguzo fupi ya nyuzi za aktini, protini ile ile ambayo katika misuli hushirikiana na miosini kuukunja mkono. Upana wake ni kama mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Kandokando ya nguzo, protini ziitwazo integrini hupenya utando wa seli na kuushika mfupa. Kijiguu kimoja hudumu dakika chache tu, kisha hubomoka, na kingine husimama karibu yake. Seli inapotua juu ya mfupa, vijiguu hivyo husongamana kuwa pete, na pete huubana utando barabara juu ya mfupa, mfano wa kikombe kilichofudikizwa juu ya meza. Ndani ya pete utando hujikunja mikunjo mingi, na kutoka humo chembe za haidrojeni zenye chaji husukumwa nje, zikifuatwa na kloridi. Matokeo yake ni asidi hidrokloriki, kama ile ya tumboni, na kipimo cha pH hushuka hadi kadiri ya 4.5. Fuwele huyeyuka; kisha kimeng'enya kiitwacho kathepsini K huukata wavu wa kolajeni. Kazi ikiisha pete hufumuka, seli ikatambaa kwingine, ikiacha kishimo nyuma yake.

Habari za vijiguu hivi zina asili yake katika ugonjwa wa kuku. Mwaka 1911 Peyton Rous, huko New York, alionyesha kwamba uvimbe fulani wa saratani ya kuku huambukizwa kwa maji yaliyochujwa yasiyo na seli hata moja. Baadaye ilibainika kwamba kirusi chake hubeba jeni iitwayo src. Seli zilizoambukizwa kirusi hicho zilionekana kusimama juu ya vijiguu vya aktini, na jina la podosomu likatolewa mwaka 1985. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walizalisha panya wasio na jeni ya src. Osteoklasti walikuwa nazo, lakini hazikuweza kuchimba: mifupa ilijaa, na meno hayakutoka, kwa kuwa jino halichomozi pasipo mfupa wa juu yake kuondolewa.

Seli za saratani nazo huota vijiguu vya jamaa hiyo, vilivyopewa jina la invadopodia mwaka 1989. Hivi hudumu muda mrefu zaidi na humwaga vimeng'enya vinavyokata njia katika tishu. Hata hivyo, saratani ya matiti ifikapo katika mfupa, mara nyingi haichimbi yenyewe. Hutoa kemikali zinazozichochea osteoklasti zichimbe kwa niaba yake. Kwa hiyo madaktari huwapa wagonjwa wa namna hiyo dawa za kuzituliza osteoklasti.

Mkoani Shinyanga liko jambo la kinyume. Baadhi ya visima vya huko vina floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi huingia katika fuwele za mfupa na kuzifanya zisiyeyuke upesi katika asidi, na papo hapo huzihimiza osteoblasti kujenga. Anayeyanywa maji hayo kwa miaka mingi, mifupa yake huwa mizito, na viungo vyake hukakamaa. Maji ya Ziwa Viktoria, yaliyofikishwa Shinyanga na Kahama kwa bomba kutoka Ihelele mwaka 2009, yana floraidi kidogo. Kwa wanaotegemea visima vya aina hiyo, kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani.