Dume gani kwa kondoo chotara? Swali lililogawanya boma moja Kajiado

KWA wiki mbili mzee mmoja wa eneo la Bissil, Kaunti ya Kajiado, na mkewe walikosa kuelewana kwa sababu ya kondoo ambaye hata walikuwa hawajamnunua.

Dume wao wa zamani, Dorper mwenye mwili mweupe na kichwa cheusi, alikuwa ameuzwa. Alikuwa amekaa zizini zaidi ya miaka mitatu, akaanza kupanda binti zake mwenyewe, na msimu uliopita wana kadhaa walizaliwa wanyonge wakafa kabla ya kumaliza wiki. Likabaki kundi la majike 46 bila dume. Mzee alitaka Dorper mwingine. Mkewe alitaka Red Maasai, yule kondoo mwekundu wa asili ambaye aliwakuta wamejaa kwenye boma hilo siku alipoolewa.

Mzee aliona huko ni kurudi nyuma. Aliikumbusha nyumba nzima kwamba binti yao mkubwa alimaliza sekondari kwa kondoo wa Dorper na sasa yuko chuoni.

"Mama, karo hailipwi kwa mkia wa kondoo," alisema.

"Mzee, wewe unahesabu wale unaouza," mkewe alimjibu. "Mimi ndiye ninayeokota wale waliokufa asubuhi."

Mzee hakuwa amekosea. Katika masoko mengi ya mifugo Kajiado, kondoo hapimwi kwa mizani. Mnunuzi humshika kiunoni na mgongoni, akamwinua kidogo, akataja bei. Mwanakondoo mwenye damu ya Dorper hujaa mkono upesi. Akipata nyonyo ya kutosha na malisho mazuri, huwa tayari kwa soko akiwa na miezi sita au saba, wakati mwenzake wa Red Maasai bado anahitaji miezi kadhaa. Dume wa Dorper anayelishwa vizuri hufika kilo 90 na kupita, ilhali Red Maasai huwa karibu nusu ya hapo. Kwa mzazi anayeisubiri Januari ya karo, tofauti hiyo si ndogo.

Wengi wanaomsifu Dorper hawajui kwamba nusu ya damu yake ni ya upande wetu huu wa Afrika. Alizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na Blackhead Persian, ambaye licha ya jina lake hakutoka Uajemi. Asili yake ni kondoo wa kichwa cheusi wa Somalia. Lengo lilikuwa kupata kondoo wa nyama atakayevumilia nchi kavu. Serikali ilianza kuwasambaza kwa wafugaji wa Kenya katikati ya miaka ya 1970, na wafugaji wa Kimaasai wakawapokea kwa mikono miwili, kwa kuwa wana wa kwanza waliozaliwa kwa dume Dorper na jike Red Maasai walikuwa kondoo wa ajabu: wakubwa kama baba, wagumu kama mama.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika taratibu. Mfugaji alipoona chotara wa kwanza amefana, alimpandisha tena kwa Dorper, akitarajia wa pili afane zaidi. Kisha tena. Kila mara damu ya mama ilipungua kwa nusu: nusu, robo, thumni. Mwili uliongezeka kidogo tu, lakini ule ugumu ukayeyuka. Isitoshe, nguvu wanayopata machotara kwa sababu tu baba na mama ni wa aina mbili tofauti huwa ya juu kabisa katika uzao wa kwanza, na hukatika kwa nusu ukimrudisha chotara huyo kwa aina ya baba yake. Kwa hiyo aliyedhani anajenga alikuwa anabomoa. Kosa halikuwa la Dorper. Wafugaji walipewa dume, hawakuelezwa wafanye nini na binti zake.

Majike 46 wa Bissil walikuwa matokeo ya historia hiyo. Wengi walikuwa robo tatu Dorper au zaidi. Wachache, wenye rangi ya kahawia-nyekundu na mkia mnene, walionyesha kwamba Red Maasai hajaondoka kabisa.

Aliyewajua vizuri zaidi alikuwa mama. Katika boma la Kimaasai kondoo wagonjwa na wana wadogo huwa mikononi mwa wanawake na watoto, na mzee anayeongoza kundi malishoni huenda asijue nani alikohoa usiku. Mama huyo alikuwa amefundishwa na afisa wa mifugo kumfunua kondoo kope la chini na kuitazama rangi ya ndani. Ikiwa nyekundu, kondoo ana damu ya kutosha. Ikiwa ya waridi iliyofifia, ana mashaka. Ikiwa nyeupe kama karatasi, minyoo ya tumbo imemfyonza na siku zake ni chache asipopewa dawa. Wengine huota uvimbe laini chini ya taya, na hapo ugonjwa huwa umeshafika mbali.

Mnyoo huyu anayefyonza damu ndiye adui mkubwa wa kondoo kila mvua inaponyesha, maana mabuu yake hupanda kwenye majani yenye unyevu na kumezwa pamoja na nyasi. Na hapa Red Maasai ana sifa iliyowaleta watafiti kutoka nchi za mbali. Katika miaka ya 1990, utafiti uliofanywa Pwani ya Kenya na wanasayansi wa mifugo wa kimataifa, walio sasa chini ya taasisi ya ILRI yenye makao yake Nairobi, uliwaweka Red Maasai na Dorper katika malisho yaleyale yenye unyevu. Kinyesi cha Red Maasai kilikuwa na mayai machache ya minyoo, damu yao ilibaki nzito, na wana wao walikufa wachache. Si kwamba hawamezi mnyoo. Miili yao inajua kupambana naye. Sifa hiyo hurithiwa, na ndiyo huyeyuka damu ya Dorper inapozidi.

Dawa zipo, bila shaka. Lakini dawa ni pesa kila msimu, na kondoo wote wakinyweshwa kila mara hata wasiougua, minyoo huizoea dawa ikaacha kufa. Mama alikuwa akinywesha wale tu wenye kope nyeupe, na alijua kwa kichwa ni akina nani wanaorudi kila mvua.

Mwishowe binti yao aliyekuwa likizoni aliamua kuwatoa wazazi kwenye maneno. Alichukua daftari, akakaa mlangoni pa zizi jioni tatu mfululizo, na ndugu zake wadogo wakamtajia kila jike: mama yake nani, amezaa mara ngapi, wana wangapi wako hai, amenyweshwa dawa mara ngapi. Watoto wa wafugaji huwa na kumbukumbu ya namna hiyo. Walibishana mara mbili tu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyetaka kuulizwa: nani alipona ukame?

Ukame ule wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya. Boma hilo lilikuwa na kondoo zaidi ya 100 kabla ya hapo. Dorper ni mlaji. Mwili mkubwa unadai majani mengi, na majani yasipokuwepo unaanguka mapema. Daftari lilionyesha kwamba majike wazee waliobaki, wale waliokuwepo kabla ya ukame, karibu wote walikuwa wa mkia mnene. Kundi dogo kama hilo haliwezi kuthibitisha jambo kisayansi, lakini mzee aliitazama orodha muda mrefu. Alikuwa amewasahau wale waliokufa mmoja mmoja.

Koko, mama yake mzee, naye alikuwa na neno lake. Yeye hakujali minyoo wala soko. Alitaka kujua mke wa mjukuu wake, aliyekuwa mjamzito, atapewa mafuta gani akijifungua. Kwa Wamaasai mafuta ya kondoo ni chakula cha mzazi, na mafuta hayo hutoka kwenye mkia na makalio ya kondoo mwekundu. Dorper amenona nyama, mkia wake ni kamba. Mwaka uliotangulia walilazimika kununua kondoo wa sherehe kwa jirani, na koko alikuwa hajalisamehe jambo hilo.

Afisa wa mifugo walipomwita hakuchagua upande. Aliwauliza kama wana nyua mbili, kama wanaweza kutenganisha majike, na kama wana dawa na chakula cha kiangazi. Kisha akasema wasianze na dume, waanze na jike. Jike mwenye damu nyingi ya Dorper anahitaji dume wa Red Maasai, ili mwana arudishiwe ugumu bila kupoteza mwili wote. Jike mwenye wekundu mwingi ndiye anayefaa kupewa Dorper. Binti za kila upande hupelekwa kwa dume wa upande wa pili, uzao hadi uzao. Mtindo huo wa kupishana madume hubakiza takriban theluthi mbili ya ile nguvu ya uchotara miaka nenda miaka rudi, na hakuna damu inayomezwa na nyingine.

Tatizo ni kwamba mtindo huo unataka madume wawili, na watu wengi wana zizi moja na pesa za dume mmoja. Watu wa Bissil walibahatika: mdogo wake mzee anaishi mwendo wa nusu saa na ana Dorper mzuri. Wakakubaliana. Majike tisa wenye wekundu mwingi wangekwenda kwa shemeji, na shemeji angeleta wake waliokolea Dorper. Majike 37 waliobaki walikuwa wanamtosha dume mmoja aliyekomaa, maana 30 hadi 40 kwa msimu ndio mzigo wake. Masikio ya wana yangekatwa alama: kushoto kwa baba Dorper, kulia kwa baba Red Maasai. Bila alama, baada ya miaka miwili hakuna anayejua chochote.

Kumpata Red Maasai safi ndiko kulikowachosha. Wekundu wamejaa sokoni, lakini wengi ni machotara waliotokea kuwa na rangi ya nyanya yao. Mzee na binti yake walizunguka masoko matatu. Mchuuzi mmoja aliwaapia kwamba dume wake hana hata tone la Dorper, ilhali makalio yalikuwa bapa na mkia mwembamba. Ushauri waliopewa ulikuwa mmoja: usinunue dume sokoni, mfuate nyumbani umwone mama yake na ndugu zake. Hatimaye walimpata kwa mfugaji mmoja upande wa kuelekea Namanga, mzee ambaye hakuwahi kubadilisha kondoo zake na aliyekuwa akichekwa kwa hilo.

Mzee alimkagua mwenyewe. Alipapasa korodani zote mbili, akataka ziwe sawa kwa ukubwa na zisizo na uvimbe. Akafungua mdomo kutazama meno, akamtembeza kwenye mawe aone kama anachechemea. Binti akafunua kope: nyekundu. Walilipa Sh14,000. Dorper aliyekuwa amependwa mwanzoni alikuwa wa Sh35,000, na mama hakusema lolote kuhusu tofauti hiyo, ingawa alijua mahali pa kuipeleka.

Dume alifungiwa peke yake kwa wiki mbili, kuhakikisha haleti ugonjwa, kisha akafungwa kipande cha ngozi tumboni, kile wazee wa Kimaasai wamekitumia siku zote kumzuia dume asipande kabla ya wakati. Ilikuwa Oktoba. Kondoo hubeba mimba miezi mitano, na mzee alitaka wana wa Mei, wakue na majani ya masika na wafike soko la Desemba wakiwa na miezi saba. Mama alimkumbusha kwamba Mei ndio mwezi wa matope na minyoo. Mzee akasema ndiyo maana ameleta huyu mwekundu, kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

Wiki ya kwanza ya Desemba alimfungua ngozi kwa mikono yake. Koko alikuwa ameketi kivulini akitazama mkia.