Ukigawa kiungo, jua umemfungulia nani

Jumamosi usiku nilikuwa chumbani hapa Eldoret, blanketi mabegani, maana baridi ya huku haijui kikoi, mara simu ikaanza kulia mfululizo. Lilikuwa kundi la WhatsApp la mtaani kwetu Mombasa. Slaidi za kamati yetu ya karo zilikuwa zimeingia humo, na slaidi ya 5 ilikuwa na majina ya wanafunzi 7, chuo cha kila mmoja, na deni analodaiwa mzazi wake. Kiungo nilikigawa mimi.

Ndugu msomaji, nimekuja huku kumsindikiza binti wa kaka yangu anayeanza chuo. Nyuma nimeacha kikao na wahisani, na matayarisho yake yalikuwa mikononi mwangu. Mweka hazina yuko Mji wa Kale, katibu yuko Malindi. Zamani tungerushiana faili kwa baruapepe, moja imeandikwa "ya mwisho", nyingine "ya mwisho kabisa", na siku ya kikao fleshi ina virusi.

"Ami, tumia Google Slides," binti akaniambia.

Huduma hii ilianza mwaka wa 2007. Hununui chochote; mwenye akaunti ya Gmail tayari anayo. Faili haikai kwenye kompyuta yako bali kwenye kompyuta za Google, ndiko wanakokuita winguni, na kila unachoandika kinajihifadhi chenyewe. Mimi nikirekebisha kichwa cha habari Eldoret, mweka hazina anaingiza hesabu Mombasa, na tunaona kazi ikibadilika hapo hapo. Hata bila intaneti utaendelea, mradi uliwasha ruhusa hiyo mapema ukiwa mtandaoni. Mimi hushusha na nakala ya PDF, kwani umeme na mtandao ni wageni wasioaga.

Kosa langu lilikuwa kwenye kitufe cha kushiriki, kile cha juu kulia. Ukikibonyeza una njia mbili. Ya kwanza, unaandika baruapepe ya kila mtu unayemtaka, na asiyeandikwa haingii. Ya pili, unaruhusu yeyote mwenye kiungo. Nilikuwa na haraka, nikachagua ya pili. Katibu akampa mjumbe mmoja, mjumbe akakituma kundini kwa nia njema kabisa, akidhani ni tangazo la mchango.

Halafu kuna daraja tatu: mtazamaji, mtoa maoni, na mhariri. Mimi niliwapa wote uhariri. Hadi saa nne usiku mtu asiyejulikana alikwishafuta slaidi ya bajeti. Hilo lilikuwa jepesi: tulifungua historia ya matoleo, tukachagua lile la adhuhuri, tukarejesha.

Lisilorejeshwa ni macho ya watu. Nilibadilisha mpangilio, wasioandikwa wakafungiwa mara moja, lakini waliopiga picha ya skrini wanazo. Mama wa mmoja wa wanafunzi hao alinipigia kabla ya alfajiri. Hakupaza sauti. "Mwanangu, mimi niliomba kwa kamati. Sikuomba kwa mtaa." Sikuwa na jibu ila kumtaka radhi. Kwetu mtu atalala na njaa ili jirani asijue, nami nimemvua sitara kwa kidole kimoja.

Nikamwambia binti nifute tu ile slaidi ya majina. Akanizuia. Kumbe ukiifuta, kila mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kuirudia kwenye historia. Tulifanya hivi: tukatengeneza nakala mpya ya slaidi zote, kwa sababu nakala haichukui historia ya zamani, tukaondoa majina, tukaweka "Mwanafunzi A" hadi "G". Wahisani tukawaandika kwa baruapepe zao kama watazamaji. Kwenye mipangilio tukazima ruhusa ya watazamaji kushusha na kuchapisha, na pia ile ya wahariri kuongeza watu wengine. Majina halisi yamebaki kwenye daftari la mweka hazina, karatasi na kalamu, ndani ya kabati yenye kufuli.

Kikao kilifanyika Jumatatu baada ya Alasiri, mweka hazina akiwaonyesha kwa projekta nami nikifuata kutoka huku. Wahisani wamekubali kulipia 4 kati ya 7. Yule mama mwanawe yumo. Nimempigia mara mbili kumpa habari, hajapokea bado.