Utangulizi: Taa Ambayo Dereva Haioni

Anayekuja kujifunza umeme wa magari hapa Mpanda huwa na hamu ya kuanza na kompyuta ya injini. Simlaumu. Lakini mimi humlaza kwanza chali kwenye sakafu ya Noah, kichwa chini ya usukani, miguu ikining'inia nje ya mlango, tochi ya simu mkononi, nikamwambia atafute swichi ya taa za breki. Akishaiona, ameingia darasani. Karibu nawe uingilie mlango huo huo.

Swichi yenyewe ni ndogo, unene wake kama kidole gumba, imefungwa kwenye breketi ya chuma karibu na mkono wa pedeli. Nchani ina kipini chenye springi. Wengi hudhani ukikanyaga breki ndipo kipini kinabonyezwa. Ni kinyume. Pedeli ikiwa imetulia juu, mkono wake unakibonyeza, na njia ya umeme imekatika. Ukikanyaga, mkono unaondoka, springi inakisukuma kipini nje, vipande viwili vya shaba vinagusana ndani, na umeme uliokuwa ukisubiri kutoka betri kupitia fyuzi unakimbilia nyuma. Ukilishika hilo, hitilafu nyingi za swichi hii utazibaini bila kukariri.

Chukua ile iliyonitia aibu mimi mwenyewe. Asubuhi moja nilikuta betri imekufa, na haikuwa na miezi mitatu tangu niinunue. Nikamlaani aliyeniuzia. Nikaichaji, kesho yake imekufa tena. Usiku wa tatu jirani akabisha hodi: "Mwalimu, mbona taa zako za nyuma zinawaka?" Gari limezimwa, ufunguo ninao mfukoni. Sakafuni chini ya pedeli nikaokota plastiki iliyokatikakatika kama biskuti. Ilikuwa kijikofia kinachoziba tundu kwenye mkono wa pedeli, pale kipini kinapoegemea. Joto na umri vilikuwa vimekimaliza. Kipini kimepenya tunduni, swichi ikaamini nimekanyaga breki usiku kucha. Piga hesabu: kwenye magari mengi balbu ya breki ni wati 21, mbili ni wati 42, gawanya kwa volti 12, unapata ampea 3.5. Betri nzima ya 45 AH itakauka kwa saa 13 hivi. Iliyochoka haifiki alfajiri. Na dawa yake ni kijikofia cha bei ya soda.

Siku mbili nzima sikuona kitu, kwa sababu taa hii haimwakii dereva, inamwakia mwenzake. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia John Voevodsky alifunga taa ya tatu ya breki chini ya kioo cha nyuma cha teksi 343 mjini San Francisco. Baada ya miezi kumi, ajali za kugongwa nyuma zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na teksi zisizokuwa nayo. Marekani ikaja kuilazimisha kwa magari madogo mapya kuanzia toleo la 1986. Mimi sikuhitaji teksi 343. Niliwahi kwenda Karema kiangazi nyuma ya Fuso, barabara ikiwa bado ya vumbi: bodi sioni, namba sioni, ila nukta mbili nyekundu ndani ya wingu, nami nikakanyaga. Na ukivuka Sitalike kuingia Hifadhi ya Katavi, tembo hatoi notisi.

Taa zikigoma kabisa, anza na fyuzi, kisha balbu, kisha swichi. Kwenye swichi ya waya mbili, ziunganishe kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka, swichi imekufa. Taa zikiwaka kwa kusitasita unapokanyaga, mara nyingi shaba za swichi zimeungua. Swichi yenye nati huweza kusogezwa, mradi kipini kisibane pedeli ishindwe kurudi juu. Magari mengi ya karibuni yana swichi ya waya nne, kwani kompyuta nayo inataka habari za breki. Ndiyo sababu gari la otomatiki huweza kugoma kutoka kwenye P kwa kosa la swichi hii, na mwenye gari akauziwa giaboksi. Malori ya breki za upepo yana swichi inayosikiliza mgandamizo wa hewa, nayo ina sura yake mbele.

Wapo mafundi wanaochomoa plagi ya swichi ili betri isife. Betri itapona kweli.

Kwa sura ya kwanza tafuta testa, kipande cha waya, na mtu wa kusimama nyuma ya gari. Ukimkosa mtu, ngoja giza liingie, rudisha gari karibu na ukuta, kanyaga, utazame wekundu kwenye kioo.